Ushauri: wahudumu ninaowafunza wanageuza kikundi cha tiba kuwa darsa

Muuguzi_Wete
Asalaam alaykum. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Wete, nawafunza wahudumu wa vituo waendeshe vikundi vya kina mama wenye sonona. Nadharia wameishika. Kwenye mazoezi ndiyo kasheshe: mama akisema "tangu afe mume wangu sili, silali", mhudumu keshamdaka na nasaha za subira, wengine wanaitikia amina, muda umekwisha. La pili, hapa tunajuana. Mgonjwa anaingia, anamkuta wifi yake mkekani. Mnafanyaje?

Mzee_Ngambo
Waalaykum salaam mwanangu. Tabia ya kukimbilia nasaha haiondoki kwa slaidi. Waigize: mmoja aendeshe, wengine wawe wagonjwa. Mpe sharti, akisikia jambo zito asijibu yeye. Aulize, "Nani hapa yamemfika kama haya?" Kisha anyamaze. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wakiona kimya wanadhani kikao kimeharibika. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, alishaeleza kwamba yanayoponya kikundini ni pamoja na mtu kujua kuwa si peke yake, na kumfaa mwenzake. Mhudumu akiwahi kujibu, anawanyima yote mawili.

Bint_Chake
Dada, tafuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 wa tiba ya mahusiano kwa vikundi, vikao 8. Kabla ya kikundi kuanza unakutana na kila mtu faraghani, mnatafuta kilichomfikisha hapo: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha au upweke. Siku hiyohiyo muulize nani hawezi kukaa naye. Wifi anapelekwa kikundi chengine, na hapana atakayejua sababu.

Mpemba_Asilia
Siri, Pemba hii? Magharibi haijaingia, habari ishafika Konde 😂

Mzee_Ngambo
Ndiyo maana mhudumu asiahidi asichokimiliki. Aahidi ulimi wake tu. Wanakikundi waahidiane wenyewe. Na waambiwe tangu siku ya mwanzo kwamba mwenye nia ya kujidhuru hafichiwi siri, atatafutiwa msaada.

Nesi_Mkoani
Mimi tatizo langu ni mafunzo yetu haya: semina, posho, cheti, kwaheri. Kule kusini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa 2003, waliowaongoza wanavijiji kwenye vikundi vya tiba hiyohiyo walikuwa wenyeji wasio wataalamu, walifunzwa wiki mbili tu, na sonona ilipungua sana. Lakini hawakuachwa peke yao, walisimamiwa. Wapange wawili wawili, mmoja anaongoza, mwengine anaangalia nyuso, na kila wiki ukae nao wakueleze kikao kilivyokwenda. Bila ya hilo darsa litarudi tu.

Muuguzi_Wete
Ahsanteni sana, la wifi nimelipata. Na wanaume? Wawili wameshaniuliza, kwa kunong'ona.

Nesi_Mkoani
Kikundi chao mbali, hata Uganda walitenganisha. Na usikiweke Ijumaa, wala usiku wa mpira.