Acheni kutuuzia pinioni kwa kuhesabu meno tu

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitazunguka mbuyu. Wauzaji wengi wa spea za magari madogo ya rimoti hapa Nairobi, haya ya kukimbia kwenye mchanga na mawe ya kuanzia kipimo cha 1/24 hadi 1/14 cha gari halisi, wanatuharibia magari na kula pesa zetu kwa jambo moja: wanauza gia kwa idadi ya meno peke yake. Ukiuliza pinioni, yaani gia ndogo ya kwenye mota inayosukuma gia kubwa ya gari, swali la kwanza na la mwisho ni "ya meno mangapi?" Ukisema 20, unapewa kipakiti kisicho na maandishi yoyote, unalipa kwa M-Pesa, unapokea risiti iliyogongwa muhuri kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Jioni gia kubwa ya gari imenyolewa upara.

Kinachokosekana ni moduli, yaani ukubwa wa jino lenyewe. Kwenye gia ya moduli 0.5, kutoka jino moja hadi linalofuata ni milimita 1.57. Kwenye moduli 0.6 ni milimita 1.88. Weka pinioni ya 0.6 kwenye gia kubwa ya 0.5 uzungushe polepole kwa kidole: jino la kwanza litaingia bondeni, la pili litapanda mgongoni mwa jino la mwenzake na kukwama hapo. Ukisogeza mota karibu, gari linalia kama msumeno. Ukiisogeza mbali, meno yanaruka. Na kwa kuwa pinioni ni ya chuma na gia kubwa ni ya nailoni, inayokufa ni ile ya bei ghali, tena ile ambayo duka hilohilo halina.

Kibaya zaidi ni kuchanganya moduli 0.5 na pichi 48, kipimo cha inchi kinachohesabu meno kwa kila inchi ya kipenyo. Pichi 48 ni sawa na moduli 0.53, kwa hiyo ukizizungusha kwenye kaunta zinaonekana zimekubaliana, na muuzaji anakuambia "si unaona?" Zikipata mzigo ndipo ukweli unatoka: mlio mwembamba unaopanda na kasi, joto, halafu unga wa nailoni unajaa ndani ya kifuniko cha gia. Ukifungua ukaukuta unga huo, usilaumu vumbi la barabarani. Ni kweli pichi 32 na moduli 0.8 zinakaribiana kiasi kwamba watu huzioanisha na zinadumu, lakini hizo ni mbili tu. Muuzaji asiutumie mfano huo kukuambia gia zote ni sawa.

Kupima hakuhitaji uhandisi. Chukua kalipa, ile rula ya taya inayopima unene na kipenyo, pima kipenyo cha nje cha gia kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili. Hesabu meno, ongeza 2, kisha gawanya kipenyo kwa jumla hiyo. Gia ya meno 60 yenye kipenyo cha milimita 31 ni 31 gawanya kwa 62, yaani moduli 0.5. Ikiwa kipenyo ni milimita 37.2, hiyo ni 0.6. Pima ile gia kubwa, si pinioni, kwa sababu pinioni za meno machache kama 10 au 11 mara nyingi huchongwa zikiwa nene kidogo ili meno yasiwe dhaifu, na hesabu itakupotosha. Dakika mbili tu. Mtu anayeishi kwa kuuza gia anashindwaje?

Halafu kuna tundu la pinioni, linalovaa shafti ya mota. Mota za ukubwa wa 130 na 180 zina shafti ya milimita 2, za 380 zina 2.3, za 540 na 550 zina 3.175. Ukikosa inayotoshea unaambiwa upeleke kwa fundi akupanulie tundu kwa drili. Hapana! Drili ya mkono haiwezi kukaa katikati ya kitu kidogo namna hiyo. Tundu likihama hata sehemu ya kumi ya milimita, pinioni inayumba: nusu mzunguko inakaba, nusu mzunguko inaachia, na huwezi kuiseti kamwe. Wengine wanauza ya 2.3 kwa shafti ya 2 na kukushauri uijaze supaglu. Mota ikipata moto, supaglu inaachia.

Hapo ndipo unarudi dukani na kuambiwa mota imekufa, nunua nyingine. Msikubali kabla ya kufanya jaribio hili. Chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye uso wa pinioni hadi kwenye ncha ya shafti. Ikauke, endesha gari dakika moja. Mstari ukikatika vipande viwili visivyotazamana, mota ni nzima, pinioni ndiyo inateleza. Dawa yake ni kuhakikisha skrubu ndogo ya pinioni imekaa juu ya ubapa wa shafti, kufuta mafuta kwa spiriti, kutia tone la gundi ya buluu ya kufungia skrubu, na kukaza. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma tu. Ikigusa plastiki inaweza kuipasua.

Kuseti nafasi kati ya pinioni na gia kubwa nako hawaelezi. Kata ukanda wa karatasi ya kawaida ya A4, uweke kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota hadi zibane karatasi, kaza skrubu za mota, kisha zungusha gia karatasi itoke. Inapaswa kutoka imekunjwa meno bila kuchanika. Halafu zungusha gia kubwa mzunguko mzima, kwa sababu gia za nailoni si duara kamili. Ukikuta mahali panakaba, seti kwa kufuata mahali hapo.

Kama mlio ni "tak-tak-tak" unaotoka mbele au nyuma unapobonyeza mafuta ghafla, tatizo liko kwenye difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia, na pinioni mpya haitasaidia hata ukinunua kumi. Magari mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani difu ikiwa inacheza kushoto na kulia, kwa hiyo gia ya taji, ile kubwa ya kwenye difu, inasukumwa mbali na pinioni yake, gia ndogo inayoizungusha, na kuruka meno. Fungua, weka washa, yaani kipete bapa, nyembamba ya milimita 0.1 au 0.2 kati ya beringi na mgongo wa gia ya taji, ili isogee kuelekea pinioni. Ongeza moja moja. Ibaki nafasi ndogo sana ya kucheza, ikikaba, umezidisha. Ukikosa washa, bati la ubavu wa kopo la soda lina unene wa karibu milimita 0.1 na litakuvusha mpaka upate. Grisi iwe kiasi, ya kupaka meno.

Bushi za plastiki, yaani vipete vinavyoshikilia shafti mahali pa beringi, nazo zitoeni mapema muweke beringi. Vumbi letu jekundu likiingia humo linasaga kama msasa, shafti inalegea, na gia inapoteza mpangilio hata kama uliiseti vizuri. Beringi ziwe za kifuniko cha mpira.

Na mnaosukumiwa mota isiyo na brashi pamoja na betri ya 3S, yaani ya seli tatu badala ya mbili: kutoka volti 7.4 kwenda 11.1 ni nusu nzima juu ya ilivyokuwa. Anayekuuzia bila kukuambia kwamba difu na vishafti vya plastiki vitakatika anajua utarudi.

Madai yangu kwa wauzaji ni haya. Kila pakiti iandikwe namba tatu: moduli, meno, tundu. Kalipa iwe kaunta. Na pinioni uliyotuchagulia vibaya wewe mwenyewe uipokee irudi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nayo. Muhuri wa risiti hauifuti Katiba.

Wenye magari, pimeni gia kubwa ya gari lako leo na uandike hapa chini: modeli ya gari, idadi ya meno, kipenyo cha nje kwa milimita, na unene wa shafti ya mota. Nitaziweka zote hapa juu kadiri zinavyoingia, mtu asiende tena mjini bila namba zake mkononi.