Kanifutia KUBUNI kwa kalamu nyekundu, Tanga hii hii!

BintiMakorora:
Jamani, natetemeka kwa hasira. Nimetoka semina sasa hivi, hata ushungi sijavua. Yule bwana mnamjua, wa suti ya bluu, kipaza sauti hakimtoki mkononi, hakuna semina Ngamiani asiyokuwepo. Katuambia tuandike malengo ya kikundi. Nikaandika vizuri: "Kubuni mitindo mipya ya mikeka." Akaja na kalamu nyekundu, akaifuta KUBUNI. Mbele ya kina mama wote! Eti, "Kubuni ni kusema uongo. Andika KUJA NA WAZO."

Kuja na wazo! Limepanda daladala gani hilo wazo?

Hadithi ya kubuni haikutokea, sawa. Mbunifu wa mavazi naye mwongo? Ukiwaza tu, waweza kulala na wazo lako likaishia mtoni. Ukibuni, umetoa kichwani kitu ambacho hakikuwepo. Mama yangu akishatia ukindu rangi, anabuni ua ambalo hujaliona kwenye mkeka wowote. Na huyu kafuta. Kwa NYEKUNDU! Wino umepenya mpaka karatasi ya chini. Mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, tunafutiwa Kiswahili kama watoto wa chekechea!

MzeeKijiweni:
Mwanangu, tulia. Sisi wazee kubunia ni kukisia. Nami nabunia posho hukupewa.

BintiMakorora:
Shikamoo babu. Posho haihusiki. Kafuta kwa NYEKUNDU.

MzeeKijiweni:
Marahaba. Posho hukupewa.

NgalawaMbovu:
Ungeandika "kutunga" yakaisha.

KahawaChungu:
Kutunga? Shairi hutungwa, shanga hutungwa, mimba hutungwa, jipu hutunga usaha. Mkeka husukwa, bwana. Halafu buni ninayoijua mimi ni kahawa kabla ya kukaangwa, na imepanda bei, hilo hamlifungulii uzi.

ShogaWaChumbageni:
Dada, pole, lakini wewe umefutiwa neno moja. Kwetu yule yule alisema "mwisho wa siku" tangu saa tatu asubuhi! Siku yenyewe haijaanza! Kila sentensi mwisho wa siku, na andazi lenyewe moja, gumu.

NgalawaMbovu:
Kumbe nyie mlipata andazi?

KahawaChungu:
Sisi maji tu. Ya uvuguvugu.

BintiMakorora:
Jamani, NYEKUNDU!

ShogaWaChumbageni:
Chai je? Kuna kikundi kilipewa chai?