MREJESHO: Droni ya kuchorea ramani ya shamba, nilichochukua na nilipofeli

Wakuu, mlionisaidia nilipouliza ninunue droni gani ya kutengenezea ramani ya shamba la ekari 12, nimerudi. Ile ndogo niliyokuwa naililia nimeachana nayo, nikafuata ushauri wenu wa kutafuta yenye shata ya mekanika (kipazia halisi cha kamera kinachofunguka na kufunga) nikachukua Phantom 4 Pro iliyotumika, maana mlisema shata ya elektroniki (isiyo na kipazia, inasoma picha mstari kwa mstari) inapindisha picha droni ikiwa kwenye mwendo. Nimerusha mita 60, picha zinafunikana asilimia 80 mbele na 70 pembeni, nikazipika kwenye WebODM (programu ya kuunganisha picha za droni ziwe ramani), aisee ramani imetoka safi hadi mpini wa jembe nililosahau kwenye tuta unaonekana.

Sasa aliyeniambia niweke alama za ardhini (vibao vinavyoonekana toka juu, mahali pake pamepimwa kwa usahihi) nilimpuuza (samahani mkuu), nikaona GPS ya droni inatosha. Vimo vya ardhi kwenye ramani vikakosea mita kadhaa na shamba tambarare likaonekana limebonyea katikati kama bakuli. Nikarudia na alama 5 zilizopimwa, nne kwenye kona moja katikati, bakuli likaisha. Kwenye ramani bwawa tu ndo bado lina matobo, maji yanang'aa programu haipati pa kushika, hapo nimenyoosha mikono. Asanteni sana.