Naanza digrii ya mtandaoni Septemba, nijipange vipi?

Dada wa Hardware, Kayole:
Wadau, habari za jioni. Nimepata nafasi ya shahada ya biashara, masomo yote ni mtandaoni. Mara ya mwisho kukaa darasani ilikuwa kidato cha nne, na miaka imeenda. Mchana niko kaunta ya hardware, nafunga saa moja jioni, nikifika nyumbani ni kupika na kumwangalia mtoto. Tunaishi chumba kimoja na mdogo wangu. Nina akiba kidogo. Ninunue laptopu mpya ama ya ex-UK, ile iliyotumika Uingereza? Bando nitamaliza kiasi gani kwa mwezi? Na kama kuna kitu watu hawasemi, niambieni sasa. Naogopa kulipa karo halafu niachie njiani.

Fundi Umoja:
Ex-UK inatosha. Hakikisha ina SSD (diski ya kasi) na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya giga 8, na kabla hujatoa pesa ichomoe chaja, icheze video mbele yako uone betri inashuka vipi. Stima ya mtaa wetu unaijua. Bando litategemea video: ziweke ubora wa chini, 360p, na kwenye kipindi cha Zoom zima kamera kama mwalimu hajaitaka. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, weka programu yake kwenye simu, upakue masomo ya wiki nzima mahali penye waifai, usome nyumbani bila data.

Askari wa Geti:
Dada, karibu. Mimi ni askari wa zamu ya usiku Kilimani na niko mwaka wa tatu. Tangu Chuo Kikuu Huria cha Kenya kipate hati yake 2023 swali lako naulizwa hata na madereva wanaoingia getini, na wote wanaanza na laptopu. Fundi ameshamaliza hilo. Kinachoangusha watu ni kuandika.

Darasani ukikaa kimya mwalimu anakuona umekaa. Huku ukikaa kimya hupo. Mhadhiri hana njia ya kujua kwamba ulisoma kurasa 40 huku unageuza chapati. Anachokiona ni aya uliyoweka kwenye jukwaa la kozi, majibu uliyowapa wenzako, na faili uliyopakia. Kwenye kozi zangu nyingi hayo ndiyo mahudhurio, na yana alama. Nilianza na watu wenye midomo hasa, wauza bima, wahubiri, ukiwapa kipaza sauti hawarudishi. Wakakwama mapema kwa sababu kupanga maneno 150 ya Kiingereza cha chuo kuliwamaliza jioni nzima.

Kwa hivyo anza kuandika leo. Chukua habari ya gazeti kuhusu bei ya saruji, maana hiyo unaijua kuliko mwandishi wake. Isome, ifunge, iandike kwa maneno yako, kisha useme unakubali au unakataa, na kwa nini. Chapa kwa laptopu, si simu, na ujifunze kutumia vidole vyote. Programu za mazoezi ziko za bure. Zoea pia kutaja wazo umelitoa kwa nani na mwaka gani. Vyuo vingi hupitisha kazi kwenye Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, na aya ya kuokota inaonekana.

Barua pepe kwa mhadhiri nayo ni kazi. "Hi sir, sijaelewa" haijibiwi, na ningekuwa mhadhiri hata mimi nisingeijibu. Weka nambari yako ya usajili, kozi, wiki, swali lenyewe, na ulichojaribu.

Kingine ni saa. Ukiona mwisho wa kupokea kazi ni Jumapili 23:59, una Jumapili nzima. Ukiona Jumapili 00:00, ni usiku wa kuamkia Jumapili, yaani Jumamosi ukilala bila kutuma umechelewa. Na ukichukua kozi ya Uingereza, wao wako nyuma yetu saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu baada ya Oktoba. Andika tarehe zote ukutani kwa saa ya Nairobi, mdogo wako azione pia. Akijua Alhamisi jioni mtoto ni wake, utapumua.

Mwalimu Mstaafu:
Binti yangu, askari amesema kweli, ila asikutishe. Kiingereza cha chuo hujengeka ukiwa ndani. Mimi naongeza jambo la kusoma. Usirudie kurasa zilezile ukidhani zinaingia. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Waliorudia kusoma walifanya vizuri wakipimwa dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki waliojijaribu kukumbuka bila kuangalia ndio waliobaki na zaidi. Pale kaunta mteja akiondoka, jiulize jana ulisoma nini. Na Jumamosi ukipata nafasi, maktaba ya Makadara iko karibu kuliko mjini.

Dada wa Hardware, Kayole:
Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Sasa naona ratiba ina vipindi vya moja kwa moja saa tano asubuhi, na mimi hapo niko kaunta. Je, itakuwaje?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Hilo ujibiwe na aliye shuleni.

Askari wa Geti:
Uliza ofisi ya usajili kwa maandishi kabla ya kulipa: vipindi vinarekodiwa? Kuhudhuria kuna alama? Mtihani unafanyiwa kituoni ama nyumbani kamera ikiwa wazi? Vipindi vikirekodiwa huna shida, tazama usiku. Vikiwa na alama, ongea na bosi mapema, umpe saa zako za jioni afidie. Kamera ndiyo ngumu kwa chumba kimoja, kwa sababu mtoto akipita nyuma yako mfumo unaweza kukuandika kama unayeshukiwa kudanganya. Muombe bosi stoo siku hiyo. Mimi mtihani wangu nilifanyia ofisi ya keateka, mtunza jengo, ndoo za rangi zimepangwa hadi dari, na nilipita.