Vyombo vya bibi tunaviweka maonyesho, tuvipange vipi?

kijana_wa_ilemela
Wakuu habari za mchana. Hapa mtaani tumepewa ukumbi wiki mbili tuonyeshe vyombo vya zamani vya nyumbani, tumeazima kwa majirani na vingine nimetoa kwa bibi yangu Magu. Tuna vibuyu vya kusukia maziwa, vinu, jiwe la kusagia mtama, pasi za mkaa tatu, kandili, koroboi za makopo, redio ya mbao, vigoda, migono ya samaki na sanduku la bati ambalo bibi aliolewa nalo. Kama 60 hivi. Wenzangu wanataka vibuyu vikae na vibuyu, pasi na pasi, mi naona itakuwa kama genge la vyombo sokoni. Halafu kuna mmoja kashaanza kusugua vyungu kwa mchanga eti ving'ae, na vigoda viwili vinadondosha unga unga chini. Hela yote haifiki laki tatu. Naombeni mawazo.

mama_nyakato
Huyo wa mchanga mwambieni aache LEO. Masizi ya chungu ndo yanaonyesha kilikaa mafigani miaka mingapi, ukiyatoa umebaki na udongo tu. Chukua brashi mpya ya rangi ile laini toa vumbi basi, kibuyu na ungo usitie maji kabisa.
Kupanga, mi ningepanga kwa siku. Mtu anaingia mlangoni ni alfajiri, anakuta kibuyu cha maziwa na jiwe la kusagia, anasogea anakuta kinu, mgono wa aliyetoka ziwani, chungu, mwisho kabisa pembeni kwenye giza kidogo koroboi na redio maana redio ilikuwa ya jioni, baba anasikiliza RTD na sisi tumekaa chini kimyaaa, ukikohoa unatolewa nje.

Dogo_Igoma
Unga unga huo ni wadudu wanatoboa mbao, tenga hivyo vigoda haraka visiambukize vingine. Funga kwenye nailoni isiyopitisha hewa, weka friza ya kawaida nyuzi -18 wiki 2. Ukitoa USIFUNGUE, acha siku nzima kwanza mpaka baridi iishe, la sivyo kigoda kinaloa jasho. Vikaushwe kivulini kabla, mbao mbichi au iliyoloa inapasuka. Na vikapu na nguo msiviweke dirishani, makumbusho kubwa vitu vya hivyo wanavimulika kwa lux 50 tu, ni mwanga hafifu sana yaani, pazia zito linatosha.

mzee wa Kisesa
Kabla hamjagonga msumari nendeni Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, si mbali. Angalieni lile banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, jengo lenyewe tu linakuambia unaingia kwenye habari gani. Na kwenye karatasi za maelezo msiandike "KIGODA, MBAO" jamani, kila mtu anaona ni kigoda! Andikeni nani alikikalia na nani alikuwa haruhusiwi. Waulizeni wazee jina la Kisukuma na wa Ukerewe wawape la kwao, rekodini kwa simu. Herufi kubwa, wengine macho yameshakwenda.

Pasi_ya_Jogoo
Mimi nina donda. Niliazimisha pasi ya marehemu mama, ile yenye jogoo mbele, kwenye maonyesho fulani, ikarudi bila jogoo na hakuna anayejua. Kwa hiyo kila chombo kipige picha pande zote mbele ya mwenyewe, wote wawili msaini, namba iwe kwenye kikaratasi cha kufunga kwa uzi, sio gundi wala makapeni. Watoto watataka kushika, nunueni kinu kipya na mchi sokoni watwange huko pembeni hadi wachoke.

kijana_wa_ilemela
Asanteni sana, shikamoo mzee wa Kisesa. Mchanga umesimama. Friza nimepata ya jamaa anauza sangara Kirumba, kauliza mara tatu kama vigoda vinanuka 😂 Tunapanga kwa siku kama alivyosema mama. Sasa bibi kasikia, kasema sanduku atalileta mwenyewe na atakaa nalo hapo hapo ukumbini, ufunguo hampi mtu.