Mutoto alizaliwa na wiki 28 za mimba, tumetoka kuvezi (mashini ya kupasha batoto joto), sasa nifwate nini?
Bandugu wa Goma, naomba ushauri. Binti yangu alizaliwa na wiki 28, kilo 1 na kitu kidogo, tulimubeba kifuani ngozi kwa ngozi mpaka akaongezeka ndio wakaturudisha kwetu Ndosho. Sasa iko na miezi 5, shingo bado haijakaza, mama mukwe anamulinganisha na batoto ba jirani kila siku (nimechoka!), lakini munganga alisema tutoe miezi karibu 3 yenye alikuja mbele ya wakati, tuhesabu kama iko na 2. Ila chanjo eti zenyewe hazingojei, zinafwata siku alizaliwa. Macho hawajamupima hata mara moja na nasikia ilipaswa ku wiki ya 4 kisha kuzaliwa, masikio pia hawajapima. Nani anajua daktari wa batoto mwenye anafwatilia bale balizaliwa mbele ya wakati, na mulilipa ngapi?