Kuchanga belo Kongowea: mnagawana vipi?

binti_kisauni
Assalam aleikum wakubwa. Nauza nguo za watoto barazani kwetu Kisauni, mali naokota kidogo kidogo soko la Kongowea, hapa Mombasa. Sasa akina mama wawili wenye meza pale wameniambia tuchange belo moja, furushi zima la mitumba, tugawane. Pesa ya belo zima sina. Mkishalifungua mnagawana vipi bila kununiana? Na mgeni kama mimi nitapata pa kukaa, au nitasukumwa hadi njiani?

bi_dera
Waaleikum salam mwanangu. Kuitwa na hao wawili usikuchukulie rahisi. Belo hununuliwa limefungwa, humo ndani hujui kuna nini, kwa hiyo mtu hamwiti mwenzake asiyeweza kukaa naye siku limetoka bovu.

Sisi twafanya hivi. Linafunguliwa asubuhi mapema, wote tupo, hakuna wa kusema "nianzieni, niko njiani". Kwanza twatoa kamera, zile safi zisizo na doa. Hizo huchaguliwa kwa zamu, kipande kimoja kimoja, na aliyeanza leo, belo lijalo anakuwa wa mwisho. Kama umechanga nusu ya wenzako, wao wachukue viwili wewe kimoja. Hilo lisemwe kabla ya kamba kukatwa! Za kati twazipanga mafungu. Fagia, zile duni za mwisho, hatuzigombanii: zamwagwa kwenye turubai, zauzwa kwa pamoja, pesa yake inalipa mkokoteni na chai. Zenye zipu mbovu zaenda kwa fundi. Suruali ya mtu mzima iliyotoboka goti, fundi mzuri akutolea kaptura ya mtoto.

Ama nafasi, usianze kwa kutafuta meza. Kaa karibu na hao waliokuita. Jirani akikosa saizi ya mteja atakuja mbio kuchukua kwako, auze, akupe bei yako, cha juu chake. Usimuulize kauza ngapi. Ukienda kuswali Adhuhuri naye atakuuzia, mteja atume pesa kwenye M-Pesa yako mwenyewe. Mwaka 2020 mitumba ilipozuiwa kuingia nchini wakati wa korona, mie sikuwa na kitu cha kutandika. Jirani yangu alikuwa na madera aliyoyatoa Biashara Street, akanigawia, nikauza ndipo nikamlipa. Benki gani ingenikopesha mie na turubai langu? Ndiyo jina hili la dera mnaloliona hapa.

kaka_wa_vipande
Mimi sichangi tena. Nasubiri wenye belo wafungue, nachagua kamera zangu, naondoka. Kipande kinakuwa ghali lakini nimekiona kwa macho. Belo la kuchanga likitoka bovu, lazima atokee wa kusema "si wewe uliyetupeleka duka lile?"

bi_dera
Kaka, wewe wauzia watu wa maofisini mjini. Huyu anauzia mama anayetaka nguo ya mtoto ya kuchafukia, akinunua kamera kwa bei yako atakula nini? Belo bovu lipo, sikatai. Ndiyo maana sisi hatuhami duka. Pesa mwenye duka hakurudishii, hata usijaribu, lakini mteja wa kila mara hupunguziwa belo lijalo.

mlikoni
Dada, ya kaunti pia usisahau. Ukilipa ada ya siku, risiti ikae mfukoni, si ndani ya mkoba chini ya nguo. Watu wa kaunti wakipita, sura mpya ndiyo inayoulizwa kwanza.

binti_kisauni
Shukran nyote. Shangazi, wamesema Jumatatu. Tuchukue la watoto au mchanganyiko? Mmoja wao anataka mchanganyiko kwa sababu ya masweta.

bi_dera
Masweta Mombasa, joto hili? Labda ana mteja wake wa bara, muulize. Wewe shikilia la watoto, Idd iko karibu. Na uje na mkasi wako, ule wa kuazima pale haupatikani kamwe.